Mkono wa chekeche unakatika: kompyuta itanichorea umbo bora?

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi? Nina kibanda cha jua kali Kibuye, Kisumu, ninaunda mashine za kupepeta mpunga kwa wakulima wa Ahero. Chekeche lina kilo 12, krenki iko milimita 25 kutoka katikati ya shafti, nayo huzunguka mara 400 kwa dakika. Mkono unaosukuma chekeche hukatika kila mara. Kijana wangu anasema siku hizi kompyuta huchagua umbo la chuma yenyewe. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, fundi, lakini usianzie kwenye mkono.

Kitu kinachokwenda na kurudi hujiongezea mzigo chenyewe. Kwa vipimo vyako, kuligeuza chekeche kila mwisho wa safari kunadai nguvu ya niutoni 526 hivi, kama uzito wa kilo 54, mpunga haujaingia bado. Mkono unavutwa na kusukumwa hivyo mara 24,000 kwa saa. Hapo chuma huchoka, ufa ukaanzia kwenye kona kali au penye welding.

Kompyuta hufanya hivi: unaipa eneo la chuma, mahali kinaposhikiliwa, nguvu zinazokipiga na kiasi cha chuma kitakachobaki. Hulikata eneo hilo vipande vidogo maelfu, ikapima kila kimoja kinabeba nini, ikapunguza kwenye vivivu na kuongeza panapoumia, tena na tena. Watafiti Bendsøe na Kikuchi waliifungua njia hii mwaka 1988. Mwaka 2001 mtafiti Sigmund wa Denmark akaiandika kwa mistari 99 tu ya Matlab, lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu.

Sasa mkono wako: nguvu inapita humo kwa mstari mmoja, kwa hiyo kompyuta itakurudishia chuma kilekile kilichonyooka. Faida iko kwenye fremu ya chekeche. Ikishuka hadi kilo 8, nguvu inashuka hadi niutoni 351, na mkono wa sasa utapumua. Ila iambie programu kwamba unakata pleti ya unene mmoja, la sivyo itakuletea umbo kama mifupa ambalo grinda yako haitaliweza. Umbo likipatikana, lipime mkazo kwa FreeCAD, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure.

Wakati huohuo, tazama mkono ulipokatikia. Kama ni kando ya tundu la beringi, zifanye kona kali ziwe za mviringo na usogeze welding mbali na tundu. Hilo unaweza kulifanya leo.