Nyoka akikataa kula: kwa mnaoanza kazi ya kuwatunza

Kila mwaka vijana wapya wanapoingia kwenye nyumba ya nyoka, hazipiti wiki nyingi kabla ya mmoja kuja na wasiwasi usoni: chatu amekataa panya, tumpe nini kingine? Ninyi mnaoanza sasa, iwe mko hapa Kisumu, Kitale au Nakuru, lishikeni hili mapema: chakula ndicho kitu cha mwisho kubadilisha. Anzeni na kizimba.

Nyoka hali kama mbwa. Mbwa hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuupa mwili joto, ndiyo maana siku chache bila kula humdhoofisha. Nyoka joto hulipata nje: kwenye jiwe, juani, kwenye taa. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kugusa kitu na bado akawa na nguvu zake. Mtoto wa nyoka hana akiba hiyo, huyo mwangalieni kwa karibu zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni joto, na joto mnalopaswa kulijua ni la usiku, maana la saa nane mchana kila mtu analisikia. Kisumu tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mchana hufika nyuzi 29 au 30 bila shida. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800, na usiku wa Julai baridi yake ni ya sweta mbili. Nyoka aliyekuwa akila vizuri huku kando ya Ziwa, akihamishiwa Nakuru na kuwekwa kwenye chumba cha mabati, ataacha kula, na hana kosa. Bila joto tumbo lake halisagi chakula. Akilazimika kumeza akiwa na baridi, panya huoza ndani na siku chache baadaye mtamkuta ametapika, na harufu yake hamtaisahau.

Chatu mpeni upande mmoja wa kizimba wenye nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili wenye 25 hadi 27, achague mwenyewe. Nunueni kipimajoto kinachohifadhi kipimo cha chini kabisa cha usiku. Kiwekeni pale nyoka anapolala, maana cha ukutani hakiwaambii anachokihisi yeye. Msimu wa mvua ndefu stima hupotea usiku na kurudi alfajiri, na nyote mkija kazini taa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipimajoto ndicho kitakachowaambia.

Baada ya joto, tazameni maficho. Nyoka anayekaa wazi, anayetazamwa kutoka pande nne, hali. Anahitaji boksi au gogo lenye nafasi ya kumtosha tu akijikunja, mgongo ukigusa kuta. Maficho makubwa hayamtulizi. Na yawe mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, asije akalazimika kuchagua kati ya usalama na joto. Nyoka hasikii kelele kama sisi, lakini mtikisiko anaupata kupitia mwili na taya. Msimu wa ziara za shule, watoto wakigonga kioo tangu asubuhi, msishangae jioni akigeuza kichwa. Funikeni kioo kwa gunia au kitambaa pande tatu, mwacheni wiki nzima bila kumshika, kisha mjaribu tena. Nyoka waliotolewa porini juzi huhitaji utulivu huu kuliko wote, na wengi wao huanza kula bila kufanyiwa kitu kingine chochote.

Kuna kukataa ambako si tatizo hata kidogo. Macho yakigeuka rangi ya maziwa na ngozi ikififia, nyoka anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri na hataki kusumbuliwa. Mpeni maji, msubiri avue, ndipo mlete chakula. Dume wakati wa kutafuta majike huacha kula pia. Na jike la chatu aliyelalia mayai hali kabisa mpaka yaanguliwe, miezi miwili hadi mitatu, amejikunja juu yake akiyalinda. Wengi wenu mmekulia kwenye hadithi za Omieri, chatu wa Nyakach. Najua mapenzi ambayo watu wa huku wanayo kwa chatu, na najua mkono unavyowasha kumpelekea mama huyo kuku. Msimpelekee. Maji yatoshe.

Sasa chakula. Kabla hamjasema nyoka amekataa, hakikisheni mnajua ni nyoka gani. Hapa ndipo naona uonevu mkubwa unaofanywa bila kukusudia. Huletwa nyoka mwembamba wa rangi ya udongo mwenye madoa meusi mgongoni, mtu amedhani ni kifutu mdogo, anawekewa panya wiki baada ya wiki. Kumbe ni mla mayai. Huyu hali kitu kingine duniani isipokuwa mayai ya ndege. Meno karibu hana. Mkimpa yai, hulinusa kwanza kwa ulimi akilizunguka, kisha hulifungulia taya na kulivuta taratibu mpaka ngozi ya shingo inanyooka na magamba yanaachana. Likifika kooni, anapinda shingo, na mkikaa kimya mtasikia likipasuka: mifupa ya uti wa mgongo ina ncha zinazolivunja kwa ndani. Ute na kiini hushuka, na ganda hulitema likiwa limebanwa kama kipande cha karatasi. Yai la kuku wa gredi ni kubwa mno kwake. Mkubwa mpeni la kware, ambayo huku kwetu hayana uhaba, na mdogo mtafutieni mayai ya ndege wadogo wanaofugwa. Naye pia hufunga miezi mingi wakati ndege hawatagi.

Wengine nao wana yao. Nyoka wa majini wanataka samaki na vyura. Nyoka wa miti wengi wanataka mijusi, vinyonga au ndege. Ukimwekea panya mweupe nyoka ambaye maisha yake yote amekula vyura, hajui kwamba hicho ni chakula. Mara nyingine inatosha kumsugua panya kwa chura ili abebe harufu yake.

Panya atoke kwa anayewafuga. Panya wa kunaswa sokoni au stoo ya mahindi msimkubali hata kwa bure. Huenda amekula sumu, na sumu ile inaweza kumuua nyoka pia. Unene wa panya usizidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Aliyekufa ni bora kuliko aliye hai, kwa sababu panya hai akiachwa usiku na nyoka asiye na hamu humtafuna mgongo hadi mfupa. Akitoka kwenye friza, ayeyuke kabisa, kisha mtieni kwenye mfuko na mfuko kwenye maji ya moto kiasi mpaka awe vuguvugu hadi ndani. Chatu huona joto kwa vishimo vya mdomoni. Panya baridi kwake ni kama jiwe. Mpeni jioni, kwa koleo refu, mkimsogeza polepole mbele ya maficho. Asipochukua, mwekeni hapo, funikeni, ondokeni. Asubuhi kama yupo, mtupeni. Msirudi kesho yake. Kumsumbua kila siku ndiko kunakorefusha mgomo, ngojeni wiki.

Wakati huo wote mpimeni kwa mzani na mwandike kwenye daftari. Akiwa amefunga miezi miwili na uzito haujasogea, tulieni. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza, mwiteni daktari wa mifugo anayejua reptilia. Mwiteni siku hiyohiyo mkiona anapumua mdomo wazi, mapovu puani, usaha au wekundu kwenye fizi, au vijidudu vyeusi vikitembea kati ya magamba na kuzama kwenye bakuli la maji. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari. Nyoka aliyeshindiliwa panya kooni anaweza kuumia umio, na hata akipona anajifunza kwamba mkono wenu ni hatari.

Kifutu, swila na wenzao wenye sumu hamtawafungulia mlango peke yenu, ale asile. Na anayetaka kuanza kufuga nyumbani ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Chatu wa kuokotwa shambani Ahero haendi kwenye tangi chumbani kwako.

Siku nyoka wenu atakapochukua chakula, msishangilie mbele ya kioo. Msimguse saa 48. Mlo wa kwanza uwe mdogo kuliko aliouzoea, na wa pili uwe wa saizi hiyohiyo wiki moja au mbili baadaye, hata akionekana kutaka zaidi. Ongezeni kuanzia wa tatu, ikiwa choo kimetoka vizuri na hajatapika.