Robo saa hainipiti, kazi imenichusha

SWALI: Assalamu alaykum, mshauri wetu. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Wete, Pemba. Msimu huu, kila baada ya sala ya Isha, hukaa barazani na bibi yangu tukachambua karafuu, tukizitenga na makonyo yake, yaani vijiti vinavyozishika. Bibi hukaa hata saa tano za usiku akiwa vilevile, ilhali mimi robo saa hainipiti kazi imeshanichusha. Wenzangu wanasema huo ni uvivu. Je, kasoro ni ya kazi au ni yangu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nimefurahi kwamba umesema kazi imekuchusha, hukusema imekuchosha. Kinachochosha hupungua kwa kulala. Kinachokinaisha ni kile kilichozidi, hata kikiwa kitamu. Ama kinachochusha, moyo hukikataa ilhali mwili una nguvu zake zote. Siku hizi vijana husema "inaboa" kwa yote matatu, jambo linalonisikitisha, kwa sababu dawa zake si moja.

Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Robin Damrad-Frye na James Laird, waliwapa watu makala ya kusikiliza huku televisheni ikisikika kutoka chumba cha pili. Waliowekewa sauti kubwa walijua vyema kinachowasumbua. Waliowekewa sauti ndogo, ambayo mtu huisikia bila ya kuitambua, ndio waliolalamika zaidi kwamba makala inachusha. Makala ilikuwa ileile; fikira zao zilikuwa zikiibwa kidogo kidogo, na kwa kuwa hawakumwona mwizi, walimtuhumu aliyekuwa mbele yao.

Nakuuliza basi: usiku huo simu yako huwa wapi? Ikiwa iko mfukoni, hata ukiizima sauti, sehemu ya moyo wako inaingojea itikisike, na karafuu ndizo zinazobeba lawama. Bibi yako hangojei kitu. Hukisugua kishada kiganjani, akahisi kwa vidole konyo lililobaki, jicho lake likakamata karafuu iliyokwishachanua. Na mdomo, ambao kazi hii haiuhitaji, huutumia kwa mazungumzo aliyoyachagua mwenyewe. Pale unapoona rundo moja, yeye anaona mamia ya karafuu, na hakuna mbili zilizo sawasawa.

Hata hivyo, neno la wenzako silikubali. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Cambridge alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya walinzi wa rada wa jeshi la anga la Uingereza: mtu huketi saa mbili akitazama mshale unaopiga hatua moja moja, na kazi yake ni kuashiria pale unaporuka hatua mbili. Nusu ya kwanza ya saa ilipokwisha, walianza kukosa mengi zaidi, na hao walikuwa watu waliokuwa wakijitahidi. Makini ya binadamu hupungua mbele ya jambo lisilobadilika, na mtu halaumiwi kwa hilo.

Kwa hiyo simu iache ndani kabisa, isiwe karibu yako barazani. Kila nusu saa inuka, uchukue ulizozichambua ukazikusanye mahali pa kuanikwa kesho juu ya majamvi, kisha urudi. Na usikae kimya: muulize bibi yako amejuaje, kwa kugusa tu, kwamba kile kishada ulichokimaliza wewe bado kina konyo.