Tetemeko la wiki tatu ambalo hakuna anayelihisi

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni makanika wa magari hapa Changamwe. Nimesoma kwamba huko Japani na Kanada kuna matetemeko ya ardhi yanayokwenda polepole, wiki mbili tatu, na watu walio juu hawahisi kitu. Kwa akili yangu ya gereji, vyuma viwili vikigusana ama vimekwama ama vinateleza. Iweje mwamba ukwame mwaka mzima, uteleze taratibu, halafu ukwame tena? Na sisi wa Mombasa yanatuhusu?

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Gereji imekupa zaidi ya unavyodhani, tuanzie hukohuko.

Bila shaka umeshaletewa gari ambalo dereva akiachia klachi linatetemeka kama lina homa. Mshiko upo, ila sahani za klachi zikianza kuteleza mshiko unapungua, zikipunguza kasi unarudi, unapungua tena, na gari zima linacheza. Basi kwenye ufa wa ardhi, kujua msuguano ni mkubwa kiasi gani hakutoshi. La kuuliza ni unafanyaje mwendo unapoongezeka. Kanuni tunazotumia hadi leo zilitungwa na James Dieterich na Andy Ruina, Wamarekani, miaka ya 1970 mwishoni na 1980 mwanzoni, baada ya majaribio ya kusugua mawe maabara. Mawe yaliyotulia hushikana zaidi kadiri muda unavyopita, mfano wa nati iliyokaa muda mrefu bila kuguswa, ingawa hapa hakuna kutu. Yakishaanza kwenda, kuna miamba ambayo mshiko wake hupungua na kuna ambayo huongezeka. Ya kundi la pili haianzishi tetemeko, hujikokota tu.

Lakini hata mwamba ambao mshiko wake hupungua si lazima uruke, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukua tofali na ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo. Nilifanya hivyo barazani kwangu, kwenye saruji. Ukiufunga ukanda mrefu wa dhiraa moja na kuvuta taratibu, tyubu inanyooka, tofali limetulia tuli, kisha linachupa ghafla. Ukiukata ukabaki vidole vinne, tofali linafuata mkono bila kuchupa. Sasa rudisha ukanda mrefu na uweke tofali la pili juu ya la kwanza: michupo inakuwa mikubwa na ya nguvu. Tofali ni lilelile na saruji ni ileile. Ulichobadilisha ni ulaini wa kinachovuta na uzito unaokandamiza. Katikati ya kuchupa na kufuata kuna mpaka mwembamba, na hapo tofali huenda kwa mawimbi ya polepole. Sitakudanganya, barazani ni shida kuupata mpaka huo. Dunia imeupata mahali pengi.

Nenda chini ya kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada, ambako sakafu ya bahari inazama chini ya bara kwa takriban sentimita 4 kwa mwaka. Sehemu ya juu ya ufa imekwama kabisa. Ukishuka kilomita 30 hadi 40, joto limekuwa kali, na madini yaliyoshuka na maji ndani yake yanakamuliwa. Maji hayo hayana pa kutokea kwa urahisi, kwa hiyo yanabeba sehemu kubwa ya uzito wa miamba iliyo juu. Ni jeki tu, fundi: gari ni zito vilevile, ila tairi halikandamizi tena ardhi. Utelezi ukianza hapo unajaribu kushika kasi, lakini hakukuwa na mshiko mwingi wa kupoteza tangu mwanzo, kwa hiyo unaishia kutambaa.

Mwaka 1999 vituo 7 vya GPS vya eneo hilo, yaani vya kupima mwendo wa ardhi kwa satelaiti, ambavyo kwa kawaida husukumwa kuelekea bara, viligeuka vikarudi upande wa bahari kwa milimita chache. Mtafiti wa Kanada Herb Dragert na wenzake walieleza mwaka 2001 kwamba ufa ulikuwa umeteleza karibu sentimita 2 chini kule, kazi ambayo ingefanywa na tetemeko la ukubwa wa 6.7. Tetemeko la kawaida huteleza kwa kasi ya mita moja hivi kwa sekunde. Hili lilikwenda milimita moja au mbili kwa siku. Hujirudia kila baada ya miezi 14 hivi, likiandamana na mngurumo hafifu ambao mtafiti Kazushige Obara alikuwa amekwisha kuugundua Japani na kuutangaza mwaka 2002.

Usiseme basi kwamba ardhi inajipunguzia hatari. Sehemu ya chini ikiteleza, inapunguza mzigo wake na kuuongeza kwenye ile iliyokwama juu yake. Huko Kanada sehemu hiyo ya juu ilivunjika kwa kishindo mara ya mwisho tarehe 26 Januari 1700.

Kuhusu Mombasa: hatuna bamba, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linalozama karibu nasi, na Bonde la Ufa ni habari nyingine, huko ardhi inaachana. Hatari yetu ni maji, yaani tsunami. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004 lilitokea karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na bahari ikaja kubadilika hapa mchana, baada ya muda wa masaa tisa hivi. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Zipo pia nyufa ambazo huvunjika kwa mwendo wa kati, karibu na mfereji wa bahari, lile bonde refu la chini ya maji ambapo bamba huanza kuzama: Nikaragua mwaka 1992 watu wa pwani walihisi mtikisiko mdogo tu, kisha mawimbi yakaua watu wapatao 170. Wao walikuwa karibu na bado mtikisiko haukuwatosha kuwa onyo. Sisi tulio kilomita maelfu hatutahisi hata ule mkubwa, kwa hiyo onyo likitangazwa redioni siku ufuo umetulia na jua linawaka, ondoka ufuoni usingoje kusikia ardhi.