Mtoto akishawekwa kwenye taa, mpimeni damu

Mkuu, usilipie hicho kifaa. Umeandika kwamba kituo chenu cha afya huko Makete kimepata fedha kidogo, na muuzaji amewaletea kipimo cha ngozi cha manjano ya vichanga. Mnataka kiwasaidie kuamua mtoto aingie lini kwenye taa ya buluu ya kutibu manjano na atoke lini. Hapo kwenye "atoke lini" ndipo nimeshindwa kupita kimya.

Hospitali niliyokuwa nauguza vichanga, hukuhuku Nyanda za Juu Kusini, ilinunua kifaa cha namna hiyohiyo. Muuzaji alikigusisha kwenye paji la uso la mtoto, namba ikatokea, hakuna sindano wala maabara. Akaulizwa waziwazi: hata mtoto aliyekwisha kukaa kwenye taa? Akajibu, "Wote." Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka, kwa sababu onyo lilikuwemo kwenye kitabu cha maelekezo alichokuwa amekishika.

Kifaa kile hupiga mwanga kwenye ngozi na kusoma umanjano unaorudi. Taa ya buluu nayo huanzia kazi yake palepale kwenye ngozi: huibadilisha bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, iliyo karibu na juu ili mwili uweze kuitoa. Ngozi inatakata mapema huku damu bado imejaa. Ukipima ngozi hiyo unapewa habari njema ambayo damu haina.

Tulikuwa na kichanga njiti. Namba ya ngozi ikashuka vizuri, akatolewa kwenye taa, akaruhusiwa. Alirudi hanyonyi, kilio chembamba cha kupasua sikio, shingo na mgongo vimepinda kwa nyuma. Damu ilipopimwa, bilirubini ilikuwa juu mno. Na ikishaumiza ubongo, hakuna taa inayourudisha ulivyokuwa. Mama yake aliniuliza, "Dada nesi, si mlisema mashine imeonyesha amepona?" Muuzaji hakuwepo kulisikia swali lile. Angekuwepo ningemkabidhi yeye alijibu.

Kwa hiyo mimi nina kanuni moja na siilegezi kwa mtu: mtoto akishawekwa kwenye taa, anayeamua ni damu. Hata mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema hivyo, na unakataza kipimo cha ngozi kwa mtoto wa chini ya wiki 35 za mimba na kwa manjano ya saa 24 za kwanza. Kikisoma zaidi ya mikromoli 250 kwa lita, damu ithibitishe. Sasa ondoa hao wote, uone wodini kwenu anabaki nani. Kinawafaa watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza au kukaribia kutimiza miezi ya mimba ambao bado hawajaguswa na taa, na hao kinawasaidia kweli, hasa kwenu ambako Juni na Julai mtoto anafungwa mablanketi mpaka inaonekana pua tu, na umanjano wake hauonekani upesi kwa macho.

Msiseme damu ni lazima maabara kubwa. Vipo vipimo vya kitandani vya tone la damu ya kisigino. Bilistick ya Italia ni mojawapo. BiliSpec ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice ilijaribiwa hapo jirani Malawi, Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Tone linawekwa kwenye kijikaratasi kinachochuja chembe nyekundu, kisha kisomaji kidogo kinapima rangi ya majimaji yanayobaki. Zima taa wakati wa kutoa damu, futa tone la kwanza, usikamue kisigino kwa nguvu, na usiiache sampuli kwenye mwanga, maana mwanga unaiharibu bilirubini. Baada ya kuzima taa kabisa rudia kipimo baada ya saa 12 hadi 18, kwa sababu inaweza kupanda tena.

Gharama ya vipimo hivi imo kwenye vijikaratasi, mashine unainunua mara moja. Kabla kamati haijakaa, muulize muuzaji yeyote: boksi moja bei gani, linakwisha muda lini, nani atalifikisha Makete barabara zikiwa tope, na kijikaratasi cha kampuni nyingine kinaingia au hakiingii? Zidisheni bei ya kimoja kwa idadi ya watoto mnaowaweka kwenye taa kwa mwaka, kila mmoja apimwe zaidi ya mara moja. Fedha hiyo itengwe kwanza.

Na huyo wa kipimo cha ngozi, mwambie akuandikie kwa mkono wake, aweke na sahihi, kwamba kinafaa kwa mtoto aliyekwisha kukaa kwenye taa. Akikataa kuandika, mrudishie kifaa chake siku hiyohiyo.