Mwacheni Mwalimu Mpya Ashike Kipanya Mwenyewe

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa binti wa ajira mpya, kapangiwa sekondari ya kata. Ameandika: "Shikamoo Madam. Nimekabidhiwa projekta ya shule na kishikwambi cha mwalimu aliyehama. Mkuu anasema mimi ndiye kijana, niwafundishe na wenzangu. Ukweli hata mimi sijui pa kuanzia, na naona aibu kusema. Je, nikope ninunue kompyuta mpakato?"

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua hauko peke yako.

Tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 vigawiwe kwa walimu, mashuleni tumejazana imani moja: kijana anajua. Anajua nini? Kurusha video TikTok ni jambo moja, kusimama mbele ya wanafunzi themanini na kuwaelewesha umeme kwa kutumia mashine ni jambo jingine kabisa. Wengi wenu chuoni mlisoma TEHAMA kwa kunakili notisi. Kumbebesha mtu kazi ya kufundisha wenzake kisa umri wake ni kumwonea.

Na aibu hiyo naijua. Miaka ya nyuma niliitwa semina ya TEHAMA. Tulikaa ukumbini tukitazama slaidi tangu asubuhi. Zamu yangu ya kushika kompyuta ilipofika, nikawa natafuta herufi mojamoja, mwezeshaji akanipokonya kipanya mbele za watu: "Lete mama, tutachelewa." Ukumbi ukacheka. Nilirudi kituoni na cheti, projekta sijaigusa. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko moyo unachoma. Aliyenifundisha kweli ni mhasibu wa shule, kijana mpole, aliyekuwa akibaki nami baada ya kazi. Alikuwa anakunja mikono kifuani makusudi ili asiniguse mashine, halafu ananiambia, "Bonyeza mwenyewe, Madam. Haitalipuka."

Ndivyo ninavyowapokea walimu wapya hadi leo, na kwetu hakuna anayemaliza muhula wake wa kwanza bila kufundisha kwa projekta. Hilo najivunia waziwazi.

Alipokuja kijana wa Fizikia, sikumfanyia semina. Nilimuuliza, kesho una kipindi gani? Umeme, Kidato cha Pili. Basi jioni ile tukashughulika na umeme tu. Kwanza waya: projekta yetu ni ya zamani, ina tundu la VGA lenye vishimo 15, kompyuta yake ina tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo bila kigeuzi hazisemezani. Tukapata kigeuzi, ukuta bado mweusi. Akanitazama. Nikakunja mikono. Nikamwambia abonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, achague picha ionekane pande zote mbili. Ukuta ukawaka.

Kisha tukafungua PhET, majaribio ya sayansi yanayofanyika ndani ya kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, yaliyoanza 2002. Ni ya bure, baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishayapakua yanafanya kazi bila intaneti. Akaburuta betri, akaunga waya, akaweka balbu. Ikawaka. Nikamwambia aongeze balbu ya pili mfululizo. Zote mbili zikafifia. Akazipanga sambamba, kila moja ikarudi kwenye mwanga wake. Hapo akasahau kabisa kwamba anajifunza kompyuta, akaanza kunieleza kanuni ya Ohm kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake! Kesho yake alifundisha vivyo hivyo.

Mwalimu mpya anajua somo lake. Mwanzie hapo. Wa Kiswahili au Historia hana haja na saketi, mwoneshe vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, apakue sura ya kesho aikuze ukutani. Kitu kimoja, cha kipindi kimoja, na mkono wake ndio uwe kwenye mashine. Akikwama, mwelekeze kwa mdomo. Nasisitiza: kwa mdomo.

Mambo mengine ni ya kawaida. Kila kitu kipakuliwe siku moja kabla, kwa sababu bando huisha na umeme hukatika. Mchoro mkuu wa somo uwe tayari kwenye andalio, ili umeme ukikatika auhamishie ubaoni na kipindi kiendelee. Madirisha yetu hayana mapazia, kwa hiyo tafuteni ukuta usiopigwa na jua, na herufi ziwe kubwa hadi aliyeko dawati la nyuma asome. Jaribio la kwanza lifanyike darasa likiwa tupu. Kamwe msimkosoe mbele ya wanafunzi.

Na nyinyi wakuu wa shule, niwaambie bila kuficha. Projekta inayofungiwa kabatini hadi wathibiti ubora waje haimfundishi mtu. Wekeni daftari la kusaini, mwalimu mpya apewe ufunguo, aruhusiwe kuchelewa nayo jioni. Vipindi vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mnavyo tayari. Badala ya kusomeana makaratasi, aliyeweza jambo wiki hii amkalishe aliyeshindwa, amwachie kipanya. Msiogope ataharibu. Vifaa vingi nimeviona vikifa kwa vumbi, sijaona kilichokufa kwa kubonyezwa na mwalimu anayejifunza.

Sasa swali lako la mkopo, mwanangu. Usikope. Hao wakopeshaji wa kausha damu, wenye riba za kunyonya, wanawavizia ajira mpya kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia. Kishikwambi ulichokabidhiwa kinatosha kuanzia: pakua PhET na vitabu vya somo lako, wagawe wanafunzi kwa makundi, kila kundi lije likiguse kwa zamu wakati wengine wanafanya zoezi. Kompyuta iombe shuleni kwa barua, uambatanishe andalio la somo unalotaka kulifundishia. Na mkuu akikuuliza tena kuhusu wenzako, mwombe akutafutie kwanza mtu wa kukaa nawe jioni moja.