Kabla ya kutaja mshahara, nitajie nyumba

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Ukiitwa kazini nje ya nchi yako, mshahara wa kiasi gani ungetosha kukufanya uhame?" Nawaandikia kutoka Kampala. Mimi ni Mtanzania wa Mwanza, mhasibu katika kampuni ya malori, na nimekuwa hapa tangu 2023. Tarakimu nitaitaja, lakini siwezi kuitaja kabla ya kuzungumzia nyumba, kwa sababu anayehama kwa ajili ya kazi hulipia nyumba mbili: anayolala na ile aliyoiacha. Ofa nyingi ninazoonyeshwa na ndugu na marafiki zimeandikwa kana kwamba mtu ana nyumba moja tu, na nyingine hazitaji hata hiyo moja.

Nianze na fedha yenyewe, maana hapo ndipo watu wa kwetu wanapochanganyikiwa mapema. Shilingi moja ya Tanzania imekuwa ikienda kwa karibu shilingi moja na nusu ya Uganda, ikipanda na kushuka kidogo. Ofa ya milioni 3 za Kampala ni kama milioni 2 za nyumbani. Wengi wanasikia milioni 3 na moyo unawaruka. Aliye makini anagawa, anapata milioni 2, analinganisha na anachopata sasa, anaona kuna nyongeza, anafunga mizigo. Hata huyu makini ameishia njiani, kwa sababu amelinganisha mishahara kabla ya makato, na makato ya nchi hizi mbili hayafanani.

Kwa viwango nilivyovikuta Uganda, kodi ya mshahara, yaani PAYE, haigusi shilingi 235,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, kutoka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20, na kila shilingi inayozidi 410,000, hadi milioni 10, inakatwa asilimia 30. Hiyo 410,000 haifiki hata laki 3 za Tanzania. Kwetu asilimia 30 inaanza kwa kinachozidi milioni 1. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kati anaingia kwenye kiwango kikubwa mapema sana hapa. Mshahara wa milioni 3 unakatwa kodi ya 802,000 na NSSF, yaani mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ya asilimia 5, ambayo ni 150,000. Mkononi zinabaki 2,048,000, sawa na kama 1,365,000 za Tanzania. Mwenzake aliyebaki Mwanza kwa milioni 2 anakatwa NSSF asilimia 10, kisha PAYE 368,000, na anaondoka na 1,432,000. Nasema tena kwa sababu naona watu wazima wakikataa kuamini mpaka niwaandikie kwenye karatasi: milioni 3 za Kampala zinakuachia pungufu ya milioni 2 za Mwanza, na bado hujalipa chumba. Hapa Uganda kuna pia kodi ya huduma ya serikali za mitaa, inayoweza kufika laki 1 kwa mwaka, lakini hiyo haimvunji mtu.

Sasa nyumba. Vilima vya Kololo na Nakasero ni vya mabalozi na mashirika, na huko pango hutajwa kwa dola. Tuliobaki tunatafuta Ntinda, Kisaasi, Kyanja, Najjera, Kira, au chini zaidi kwenye vyumba vya mstari mmoja ambavyo wenyeji huviita mizigo. Mimi nilipata nyumba ya vyumba viwili Kira kwa 800,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka miezi mitatu kwa mpigo, na dalali alitaka mwezi mmoja wake. Hizo ni 3,200,000 kabla ya godoro, jiko la gesi na pazia, na zilitakiwa kabla sijapokea mshahara wa kwanza. Kwa Mtanzania aliyezoea kuombwa kodi ya miezi sita au mwaka, miezi mitatu inasikika kama nafuu. Lakini nyumbani mtu anahama akiwa na shemeji wa kumkopa na kochi la dada la kulalia wiki mbili. Ukivuka mpaka wa Mutukula huna vyote hivyo. Ndiyo maana nasema posho ya kujikimu ya mwanzo ina uzito kuliko nyongeza ya laki 2 kwenye mshahara, na inatakiwa iandikwe kwenye mkataba, itaje kiasi na itaje kwamba italipwa kabla ya kuripoti kazini. Mtumishi wa serikali kwetu anayepangiwa kituo kipya anaijua posho hii kama haki yake. Sielewi kwa nini tukivuka mpaka tunaona aibu kuidai.

Nizungumzie na mahali pa nyumba, kwa sababu bei ya pango peke yake haitoshi. Ofisi yetu iko eneo la viwanda. Kutoka Kira asubuhi, ukipanda taksi, ndivyo daladala zinavyoitwa hapa, unakaa kwenye foleni mpaka jasho likauke. Ukipanda boda unafika kwa wakati, lakini kwenda na kurudi zinaondoka kama 10,000 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni pango la chumba kidogo. Nilipokuwa natafuta, dalali alinipeleka pia bondeni upande wa Namuwongo, hatua chache kutoka viwandani, nyumba ya bei nzuri iliyopakwa rangi mpya. Nilipoingia jikoni nikaona jokofu la mpangaji aliyekuwa akihama limesimama juu ya matofali manne, na nyuma yake, mahali ambapo brashi haikufika, ukutani palikuwa na mstari wa kahawia usawa wa goti. Mfereji wa Nakivubo uko jirani. Sikuuliza kitu kingine. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, na ningemsihi kila mgeni asikabidhi fedha ya nyumba ya bondeni bila kwenda kuiona siku mvua imenyesha, na bila kuzungumza na mpangaji wa jirani dalali akiwa hayupo.

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inamlinda mgeni sawasawa na mwenyeji, na ni wachache kati yetu wanaoifahamu. Pango linatajwa kwa shilingi za Uganda isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, na haliwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwenye nyumba wangu alipotaka nitoke 800,000 niende milioni 1, nilimwendea kwa adabu na karatasi yangu mkononi. Nikamwambia, "Mzee, asilimia 10 inatufikisha 880,000." Alikaa kimya kidogo, akamwita mkewe, wakateta kwa Kiluganda, na tukakubaliana 870,000. Kama ningekuwa sijui, ningelipa. Mshahara wangu mwaka ule haukupanda hata senti, na ofa nyingi za kazi hazisemi lolote kuhusu mwaka wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo kama mhasibu naliona kila mwezi kwenye karatasi za mishahara, na linaniuma kwa sababu wanaoumia hawajui. Mwajiri akikupa posho ya nyumba ya fedha taslimu, fedha hiyo yote inaunganishwa na mshahara na kukatwa kodi. Akikupangishia nyumba yeye mwenyewe, sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inahesabu faida hiyo kwa kulinganisha pango la soko na asilimia 15 ya kipato chako cha ajira, kisha inachukua kiasi kilicho kidogo. Kwa mtu wa kipato changu, asilimia 15 huwa ndogo kuliko pango. Maana yake sehemu ya pango inapita bila kukatwa, na miezi mitatu ya mwanzo, dalali na mabishano ya kupandisha pango yanakuwa mzigo wa kampuni, yenye mwanasheria na akiba. Nawaomba sana wanaopewa ofa waombe nyumba, wasiombe posho ya nyumba.

Uzito wa jambo hili nilifunguliwa macho zaidi na jirani yangu, mwenyeji wa Arua aliyejifunza Kiswahili kwenye kazi za ulinzi na ambaye aliwahi kuwa mlinzi Doha. Tangu Machi 2021 Qatar ina kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula lazima aongeze riyali 500 za malazi na 300 za chakula. Yaani sheria yenyewe imekiri kwamba kitanda kina thamani ya nusu ya mshahara wa chini. Riyali 1,000 ni karibu milioni 1 za Uganda, na ukimwambia mtu wa Kampala kwamba fulani amekwenda Uarabuni kwa milioni 1 atashangaa. Jirani yangu alilala kwenye chumba chenye vitanda vya ghorofa na wanaume wenzake, bila faragha, akizungumza na mkewe kwa simu akiwa amejifunika shuka kichwani. "Mama Neema," aliniambia, "kile chumba sikukipenda hata siku moja, lakini ndicho kilichonijengea." Nyumba yake ya Arua imesimama. Mimi ninayelipwa zaidi ya mara tatu ya alichokuwa akilipwa yeye, ukuta wa nyumba ninayojenga Buswelu, Mwanza, bado uko kwenye lenta.

Simaanishi kwamba kila mtu akalale kwenye kambi. Kwa kijana asiye na mke wala mtoto, malazi ya mwajiri ndiyo yanayoufanya mshahara mdogo uwe mshahara. Kwa mama au baba mwenye familia, malazi hayo yana gharama ambayo haionekani kwenye mkataba: watoto wako wanabaki kwenye ile nyumba ya pili.

Na nyumba ya pili ndiyo inayosahaulika. Wanangu wawili wako Mwanza kwa mama yangu. Huko kuna Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, na ndani ya Luku kuna kodi ya jengo inayokatwa uwepo au usiwepo. Kuna maji, ada, dawa za presha za mama, na bati linalovuja ambalo fundi hataligusa kwa maelezo ya simu. Wapo walioniambia niwalete watoto Kampala ili nyumba ibaki moja. Nimelipigia hesabu hilo: shule binafsi hapa hulipwa kwa mihula mitatu, na nyumba ya vyumba viwili ingekuwa haitoshi. Isitoshe mama angebaki peke yake, na hilo siko tayari kulifanya kwa mshahara wowote. Nalisema wazi kwa sababu ofa ya kazi inapofika, familia nzima inasherehekea, na ni wachache wanaokaa chini kuuliza nani atalipa nini upande huu na upande ule.

Wengine wataniambia mgeni hana nguvu ya kudai. Kwa sisi wa Afrika Mashariki si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwenye ujira na masharti ya kazi kwa sababu ya uraia wake. Anayekuhitaji kiasi cha kukuita kutoka nchi nyingine anakuhitaji kiasi cha kusikiliza hesabu yako, mradi uipeleke ikiwa imeandikwa.

Basi hesabu yangu ya mwezi kwa shilingi za Uganda, kwa familia kama yangu na mji kama Kampala, ni hii. Pango 900,000. Umeme, maji, mlinzi na taka 150,000. Nauli 250,000. Chakula na mahitaji yangu 600,000. Nyumbani Mwanza 800,000. Akiba 500,000, na hii siipunguzi, kwa sababu kama hakuna akiba sioni kwa nini niwe mbali na wanangu. Jumla ni 3,200,000 mkononi, na ili zifike mkononi lazima mshahara kabla ya makato uwe milioni 4 na laki 8. Mwajiri akichukua pango juu yake, nahitaji 2,300,000 mkononi, na hata baada ya kukatwa kodi ya ile faida ya nyumba, mshahara wa karibu milioni 3 na laki 7 unanifikisha hapo. Ongeza 900,000 anazompa mwenye nyumba, kwake jumla ni milioni 4 na laki 6, na mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 unahesabiwa kwenye mshahara mdogo zaidi. Yeye anatumia pungufu, mimi nabaki na kilekile.

Kwa hiyo, Mhariri, mwajiri akinipa ufunguo nahama kwa milioni 3 na laki 7. Akiniambia nitafute nyumba mwenyewe, asishuke chini ya milioni 4 na laki 8, na posho ya kujikimu iwe imeingia kabla sijakata tiketi ya basi.

Mama Neema, Kira