Kuhusu imani kwenye albamu ya kumbukumbu

Dada, umeuliza imani iingieje kwenye albamu bila kubandika mistari ya Biblia kila ukurasa. Anza na tukio, mstari ufuate. Ukurasa ninaoupenda kuliko yote una picha ya ubatizo wa binti yangu, kipande cha utepe wa gauni lake, na chini yake sala niliyoandika kwa mkono usiku ule. Wino ulisambaa kwenye neno "asante", nikauacha hivyo hivyo. Kwenye Biblia, Yoshua 4 inaeleza mawe 12 yaliyotolewa mto Yordani yawe kumbukumbu, ili watoto wakiuliza maana yake, wasimuliwe Mungu alivyowavusha watu wake. Kwa hiyo andika ombi na tarehe yake, uache nafasi ya jibu. Na tafuta karatasi isiyo na asidi, picha zisigeuke njano.